Mbuzi wa Lokwang

Kakuma, Turkana

Kwa mdogo wangu Mwadime,

Huko nyumbani mtu akianza barua kwa salamu moto moto anaonyesha mapenzi tu. Huku salamu zina moto wa kweli. Ninapoandika nimeweka kitambaa chini ya mkono ili jasho lisilowanishe karatasi. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa mazishi kimepona, nadhani vumbi limechoka nami. Wewe hujambo? Magoti ya mama yanamruhusu kwenda kanisani? Ng'ombe ameshazaa? Na ule mfereji wa juu tuliokuwa tukishindana kuuruka, bado una maji? Nikiwaambia watoto wa huku kwamba kwetu Wundanyi maji hupita karibu na mlango bila kuitwa, wanacheka, wanadhani nawatungia hadithi.

Barua hii nimempa Mwalimu Shali, yule binti wa huko Mgange ninayefundisha naye, akuletee mkononi, na akupe shambani, si nyumbani. Nimemwomba hivyo mimi mwenyewe. Ungeweza kuniuliza mbona sikupiga simu. Simu yako kila nikiipiga hupokelewa na wifi yangu Mghoi, na ujumbe wako husomwa naye kabla yako. Na hata nikikupata wewe, nikikuuliza jambo unacheka, kisha unanipa habari za mahindi. Karatasi huwezi kuikatiza kwa kicheko. Isome polepole, ukiwa peke yako.

Nakuandikia kwa sababu ya shingo yako, na kwa sababu ya mwanao Baraka.

Ulipokuja kumzika Crispus wangu ulikuwa umejifunga mtandio mpaka kidevuni, nawe si mtu wa kuhisi baridi. Ulipoinama kushika udongo niliona ngozi ilivyobabuka. Uliniambia ni uji uliokumwagikia. Kabla ya uji ulikuwa umeanguka ngazini, na kabla ya ngazi ulikuwa umejigonga mlangoni. Sikukuuliza zaidi. Mjane aliye mbele ya jeneza la mumewe husamehewa kutoona. Lakini niliona, Mwadime. Na sasa mama ananiambia kwamba Baraka hajibu akiitwa jina darasani, na mwalimu wake anadhani masikio yake yana shida.

Masikio ya Baraka hayana shida. Yanasikia kupita kiasi. Siku ile ya mazishi, wakati wa kupakua chakula, sufuria ilimponyoka mtu mkononi ikaanguka kwa kishindo. Watu wote waligeuka kuitazama sufuria. Baraka aligeuka kukutazama wewe, akaja mbio akasimama kati yako na mama yake.

Nimelibeba hilo tangu siku ile. Sikujua niliseme vipi, mpaka lilipotokea jambo hapa Kakuma, ambalo nataka kukusimulia kama lilivyokuwa.

Unajua nafundisha chekechea. Darasa letu lina paa la bati na kuta za makuti ya mkoma, upepo ukivuma tunafundishwa na upepo. Uji wa watoto hupikwa na Mama Nawoi, mama wa Kiturkana ambaye umri wake hata yeye haujui, na Kiswahili changu kinapogota kwa watoto, yeye hunivusha kwa Kiturkana. Kuna mtoto mmoja anaitwa Akiru. Ni msichana mdogo, mwenye shanga nyingi shingoni. Ni mwepesi wa kujifunza nyimbo. Baba yake ni Lokwang, mpakuzi wa malori hapa mjini. Lokwang nilimfahamu zamani kupitia Crispus, maana ndiye aliyekuwa akipakua lori lake kila alipofika kutoka Kitale. Ni mtu mkubwa. Gunia la mahindi analiweka begani kama wewe unavyomweka Baraka. Crispus alipofariki, Lokwang alikuja kwangu, akaweka kiti chake chini, akakaa bila kusema neno hata moja mpaka jua likashuka, kisha akaaga. Sijasahau.

Hicho kiti nikueleze, maana kina sehemu yake. Wanaume wa huku wana kiti kidogo cha mbao kiitwacho ekicholong. Mchana ni cha kukalia, na wakati wa kulala hukilazia kichwa. Mwanamume hutembea nacho kama wewe unavyotembea na panga. Nyumba nayo hujengwa na mwanamke, kwa mikono yake, na ni ya mwanamke. Mke wa Lokwang, Asekon, alijenga yao nzuri, na anasuka vikapu ambavyo hata wageni hununua.

Mwaka huu Akiru alianza kubadilika. Kikombe cha bati kikianguka, anaingia chini ya meza. Alianza kukojoa darasani. Kisha siku moja alikuja na malengelenge mguuni, ngozi imeungua kama ya mtu aliyerukiwa na maji ya moto. Mwalimu mkuu wetu ni mama mwangalifu. Hakupuuza. Alikwenda kwa chifu, na chifu akaita wazee.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza? Tulimtazama Lokwang na mabega yake, tukamtazama Asekon aliye mwembamba kama mwiko, tukajua. Ndivyo mara nyingi inavyokuwa, huku na kwetu pia. Mwezi huohuo mama wa Ekiru, mvulana mwingine wa darasa langu, alikuwa amekimbilia kwa dada yake Lodwar akiwa amevunjwa taya na mumewe. Mume huyo yuko rumande hadi leo. Kwa hiyo tulikuwa tumeshakasirika kabla hata ya kufika.

Mzee Ewoi, anayeongoza wazee wa mtaa, alimsimamisha Lokwang.

"Lokwang, hii mtoto imechomwa. Kwako kunapigwa watu?"

Lokwang alimtazama mkewe. Asekon alikuwa akichora mchangani kwa kidole.

"Kunapigwa," akasema Lokwang.

"Nani anapiga?"

"Mimi."

"Na hii mguu?"

"Chai ilimwagika nikipiga mama yake."

"Hiyo mikono ya kubeba magunia unaleta nyumbani? Nyumbani kuna lori?"

Watu wakacheka. Akatozwa mbuzi dume, mweupe, aliyenona. Alichinjwa palepale, nyama ikaliwa. Nilirudi kwangu nikiwa nimeridhika, nikamwambia hata Crispus, maana huwa namwambia habari za siku, kwamba leo haki imetendeka.

Kesho yake Akiru aliacha kuongea. Hakusema neno kwangu wala kwa Mama Nawoi. Alikuwa akinywa uji wake huku akiutazama mlango.

Hatukuelewa. Mkosaji ameadhibiwa, mtoto angepaswa kupata nafuu. Mwalimu mkuu alisema tumpe muda. Tukampa muda. Kisha asubuhi moja, watoto wakiwa nje wakicheza kalongolongo, nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta wa makuti nikishona mkeka uliochanika, nikamsikia Akiru akiongea. Niliacha sindano hewani. Alikuwa akicheza na Ekiru, yule ambaye mama yake alikimbilia Lodwar. Walikuwa wamechora nyumba mchangani, wana mafiga ya vijiwe, na jiwe moja bapa lilikuwa kiti cha baba.

"Sasa mimi ni baba," Ekiru akasema, "nimekuja, nakupiga."

"Hapana. Kwetu mama ndiye anapiga."

"Mama hapigi! Mama anapigwa!"

"Kwenu. Hii ni nyumba ya kwetu. Kaa chini."

Kwa tundu la makuti nikamwona akilichukua lile jiwe bapa, akalitoa nje ya mstari wa nyumba, akalitupa. Kisha akachukua kopo, akafanya kama anammwagia Ekiru.

"Chai ni moto!" Ekiru akalia, akijifanya. "Wacha!"

"Ngoja. Sasa wazee wamekuja. Simama. Sema ni wewe ulinipiga."

"Lakini ni wewe umenipiga!"

"Sema tu. Baba husema. Halafu toa mbuzi."

Ekiru akafikiri. "Mbuzi yangu sitoi. Mimi sijapiga mtu."

"Basi wewe si baba mzuri," Akiru akamwambia.

Mwadime, nilikaa pale mpaka uji ukapoa. Mama Nawoi naye alikuwa amesikia, amesimama na upawa mkononi. Nikamuuliza kama kuna desturi yoyote ya mwanamke kukitupa nje kiti cha mumewe. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama kuna desturi ya kula mchanga.

"Kiti ya mwanaume?" akasema. "Hiyo ni kumwambia wewe huna kwenu."

Jioni kabla jua halijazama tulikwenda kwa Asekon, sisi wawili, kama wageni wa kununua kikapu. Alitusalimu vizuri, "Ejok," tukamjibu. Mama Nawoi hakuzunguka. Alimwambia kwa Kiturkana, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi niwemo, "Tumesikia mtoto akicheza."

Asekon akasuka kikapu kwa haraka zaidi. "Mimi sipigi mtu. Mimi nafundisha yeye."

"Unafundisha nini?"

"Asinipige."

"Amewahi kukupiga?"

Akasema polepole, bila kututazama, "Baba yangu alipiga mama mpaka mkono ikawa hivi," na akaukunja mkono wake mwenyewe kinyume, vidole vimepinda. "Mimi nilisema, kwangu mimi nitatangulia."

Nilikufikiria wewe. Unakumbuka, baba yetu, Mungu amrehemu, aliporudi na mlango ukigongwa kwa teke, tulivyokuwa tukijificha kwenye banda la kuku? Wewe ulikuwa ukiziba mdomo wa yule kuku mwekundu ili asitutoe. Siku moja uliniambia, ukiwa na manyoya kichwani, "Dada, mimi sitampiga mwanamke, hata anichinje." Sasa mbele yangu alikuwa amekaa mtu aliyetoka kwenye banda kama lile lile, naye ameapa kiapo kingine. Wewe ulisema hutapiga kamwe. Yeye alisema atapiga kwanza. Jeraha ni moja, na watoto wenu wamejificha chini ya meza moja, huku Kakuma na huko Wundanyi.

Mama Nawoi hakumhurumia haraka hivyo. Alifungua kinywa akamwonyesha mahali meno yalipokuwa. "Mimi nilipigwa na mume, nilivunjika, karibu nife. Hiyo najua. Lakini huyu wako hajakuvunja. Wewe unapiga baba yako aliyekufa, na kichwa inayouma ni ya Lokwang. Na mtoto yako amechomwa. Na hiyo chai nani alimwaga? Mume?"

Hapo ndipo Asekon alipoacha kusuka. Akalia kwa sauti ndogo kama ya mtu anayepiga chafya. Alisema hakumkusudia mtoto.

Lokwang ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Nilimkuta kwenye maegesho ya malori, amekaa juu ya ekicholong yake akingoja kazi.

"Mwalimu, hayo wacha," akaniambia. "Mtu akisikia nimetoa mbuzi kwa kupiga bibi, anasema Lokwang ni mkali. Akisikia bibi ananipiga, nitabeba magunia wapi? Hao vijana wataniwekea gunia kichwani wakiimba."

"Na ukinyamaza?"

"Nimezoea. Haniui."

Ni kweli, na ndipo ninapotaka uelewe kwamba sichanganyi mambo. Mama wa Ekiru alikimbia kwa sababu angeuawa. Wanawake wengi wanaopigwa wanaogopa kaburi. Lokwang hakuogopa kaburi hata siku moja, aliogopa kicheko. Hofu hizi mbili hazina uzito mmoja, na sitaki mtu aseme mimi nimezilinganisha. Lakini mtoto aliye chini ya meza hana mizani. Yeye anasikia sufuria tu.

Nikamwambia Lokwang habari za mchezo. Nikamwambia mtoto wake alivyosema, "Sema tu, baba husema, halafu toa mbuzi."

Akainuka. Akakaa tena. Aliuliza, "Akiru amesema hivyo? Ameongea?"

"Ameongea. Hilo ndilo neno la kwanza alilosema tangu mbuzi achinjwe."

Alikiinua kiti chake, akakigeuzageuza mikononi, akakirudisha chini. Kisha akaniuliza ni wapi watu huenda kusaidiwa.

Tulikwenda Lodwar, wao wawili, mtoto na mimi, kwenye gari la jamaa aliyekuwa akirudi kuchukua mizigo. Kuna ofisi moja ya ushauri huko ambapo watu wa mambo haya husikilizwa. Tulikaa kwenye benchi ndefu. Wote pale walikuwa wanawake. Mmoja alikuwa na mkono kwenye plasta, mwingine jicho halikuonekana kwa uvimbe, mwingine alikuwa akinyonyesha huku akitazama lango kila linapolia. Lokwang alikuwa mwanamume pekee, na walivyomtazama, ungedhani ni fisi aliyeketi katikati ya mbuzi. Mmoja alimsogelea Asekon akamnong'oneza, "Pole, dada. Mbona umekuja naye?"

Msichana wa kuandikisha alitoka, akamwendea Asekon moja kwa moja, kwa upole.

"Karibu, mama. Usiogope. Ni wewe umeumizwa?"

Asekon alimtazama mumewe. Benchi zima lilikuwa likisikiliza. Akiru alikuwa ameshika kiti cha baba yake kwa mikono miwili, maana alikuwa amekataa kukiacha garini.

Lokwang akasimama. Alipiga kikohozi.

"Ni mimi," akasema.

Nilingoja kicheko, Mwadime. Hakuna aliyecheka. Yule mama mwenye mkono wa plasta alisogea akampa nafasi ya kupita, akasema tu, "Pita, baba." Na Akiru akamfuata na kiti.

Yaliyosemwa ndani sikuyasikia yote. Mshauri, mama mtu mzima mwenye sauti nzito, aliniambia baadaye jambo moja nililolishika. Alisema wengi wanaokaa kwenye benchi yake ni wanawake, na wanaoletwa wakiwa wamevunjika ni wanawake, na ndiyo maana mlango ulijengwa kwa ajili yao. Lakini mlango ukishajengwa haumuulizi mtu kama ni mume au mke. Na alisema watoto hujifunza nyumbani nani hupiga na nani husema uongo ili nyumba isimame. Mvulana aliyeona baba akipiga anaweza kukua akipiga, au akiapa kutopiga mpaka asahau kujikinga. Msichana naye ni hivyo hivyo, anaweza kuelekea upande wowote. Hakuna njia iliyoandikwa, alisema. Mtoto akipata mtu mzima mmoja anayesema ukweli mbele yake, njia inaweza kupinda.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka kama uzi. Lokwang alikwenda kukaa kwa kaka yake kwa muda, na Akiru alikuwa akishinda kwa Mama Nawoi, kwa sababu mshauri alisema mtoto kwanza. Asekon amerudi Lodwar kwa mshauri yule mara kadhaa, wakati mwingine kwa hiari, wakati mwingine Mama Nawoi akimsukuma kwa maneno. Siku moja alirusha kikombe tena. Lakini alitoka nje mwenyewe, akaja mpaka jikoni kwetu shuleni, akakaa kando ya moto akisema, "Nimeacha nyumba isije ikaona mikono yangu." Vijana wa malori nao walimwimbia Lokwang, kama alivyotabiri. Waliimba kwa muda. Kisha mmoja wao, mkubwa wao wa matusi, akamvuta kando akamuuliza hiyo ofisi ya Lodwar iko upande gani.

Na wazee? Lokwang mwenyewe alikwenda kwa Mzee Ewoi akamweleza. Mzee alicheka kwanza, nasikia, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla.

"Kumbe tulikula mbuzi ya mtu bila kosa?"

"Mlikula."

"Hiyo nyama itatuuma tumbo," akasema Mzee Ewoi, na akawaita wale wale waliokula.

Wakakaa tena pale pale. Safari hii mzee aliuliza maswali, na alingoja majibu. Walikuwa wakijadili nani arudishe mbuzi, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka Asekon akainuka, akaenda nyumbani, akarudi akimvuta mbuzi wake mwenyewe kwa kamba, jike mwenye madoa ya kahawia. Akamweka mbele ya mumewe.

"Huyu asichinjwe," akasema. "Huyu ni ya kusimama."

Lokwang alimshika kamba, kisha akampa Akiru. Mbuzi huyo sasa ana mimba, na Akiru ameshawapa majina watoto ambao hawajazaliwa. Mmoja ataitwa Mwalimu. Sijui nifurahi au nikasirike.

Wiki iliyopita walikuwa wakicheza tena kalongolongo, Akiru na Ekiru. Sikujificha, nilikaa wazi na uzi wangu. Ekiru alifika kwenye mstari wa mchanga, akasimama nje, anasubiri kuona itakuwaje. Akiru alilichukua lile jiwe bapa. Akaliweka kando ya mafiga.

"Kaa," akamwambia. "Chai bado ni moto. Tungoje ipoe."

Wakakaa kweli, wakingoja mchanga upoe kwenye kopo. Ekiru alikuwa akipuliza.

Mdogo wangu, uliapa hutainua mkono, na umekishika kiapo. Najivunia wewe kwa hilo. Ungeweza kuwa baba yetu, na hukuwa. Lakini hukuapa kusimama ili umwagiwe uji, na hukuapa kumfundisha Baraka kwamba baba mzuri ni yule anayesema ameanguka ngazini. Usimpige Mghoi. Usimtukane mbele ya watoto. Usiondoke ukawaacha, na siku uji ukiwa motoni na maneno yamepanda, toka na watoto, nenda kwa mama. Pale kituo cha afya kuna watu wa kusikiliza, na Mwalimu Shali atakwenda nawe, ameniahidi, nami simuoni akicheka. Mama atakwambia mwanamume hapigwi. Msamehe. Alipigwa miaka mingi akiambiwa avumilie, na sasa hana neno jingine la kumpa mtoto wake.

Mghoi nitamwandikia barua yake, akiwa tayari kuisoma. Simchukii. Nakumbuka alivyokaa nami usiku wa matanga akinikanda miguu. Mtu wa kukanda miguu hivyo ana mikono inayojua kazi nyingine. Naye huenda alitoka kwenye banda la kuku la kwao, hatujawahi kumuuliza.

Nikikosa usingizi namkumbuka Crispus na tabia yake ya kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Hata akirudi safari amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, alisimama nje akasema, "Hodi, mwenye nyumba." Nilikuwa nikimtania, nani asiyemjua? Akaniambia, "Ulikulia kwenye nyumba ambayo mlango ulifunguliwa kwa teke. Nataka moyo wako ujue ni mimi kabla mlango haujalia." Hicho ndicho ninachomtakia Baraka, aishi katika nyumba ambayo moyo wake hautangulii mlango.

Likizo ikifika, ukiona vyema, mlete huku. Aje aone mbuzi anayeitwa Mwalimu.

Nisalimie mama yetu, mwambie dawa ya magoti nimempa Shali pamoja na barua. Msalimie Mghoi, wifi yangu. Mbusu Baraka kipajini, na mdogo wake Mkawasi umshike shavu kwa niaba ya shangazi yao. Mjomba wetu mwenye shamba la chini mwambie mbegu zake za maboga zimeota huku, mbili tu, lakini zimeota. Na ukipita kaburini kwa Crispus, ng'oa magugu, na ubishe hodi kwanza.

Mimi ni dada yako akupendaye,
Wakesho

Shali atangoja shambani mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunijibu, sihitaji barua ndefu, na huna haja ya kunieleza habari za mahindi. Atakupa simu yake. Niandikie maneno mawili tu, yale ya Lokwang pale kwenye benchi, nami nitaelewa.